Cherehani Iliyofungwa Nira

Mwangaluka, ndugu zangu. Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha, maana Bwana amenitendea, na safari hii amenitendea kwa njia ya cherehani. Msicheke kwanza. Mtacheka mwishoni.

Wengi mnanijua. Kabla mguu huu wa kulia haujakosa nguvu nilikuwa mwanamke wa shamba, pamba napalilia mwenyewe, mahindi napalilia mwenyewe. Ugonjwa ulipopita, nguvu za mguu hazikurudi. Ndugu zangu, kukaa nyumbani huku wenzako wanapita na majembe begani ni adhabu. Nilijiona mzigo kwa mume wangu na watoto wangu. Nilichobaki nacho ni kushona tu, kazi niliyofundishwa nikiwa msichana. Akina mama wa kwaya wakaniamini, wakanipa vitambaa vya sare ya Pasaka. Nikasema, kumbe Mungu hajanisahau.

Nikaenda mjini hapa Bariadi kutafuta cherehani. Ya miguu siiwezi, kila mtu anaona. Dukani nikaona moja ya umeme, nyeupe, ina maua ubavuni na mitindo ya mishono chungu nzima. Muuzaji akachukua kijitambaa chake laini, akadarizi ua. Jamani, nilipendezwa! Sikuuliza swali hata moja. Sisi Wasukuma tunajua kukagua ng'ombe wa mahari: ngozi inang'aa, tumbo limejaa, pembe nzuri, pokea. Ndivyo nilivyoichagua.

Ilipokutana na kitambaa cha sare, kizito tena kimekunjwa kiunoni, ikaanza kuruka mishono. Sindano zikavunjika. Umeme nao ukikatika, naitazama tu. Pasaka inakaribia. Mwenyekiti wa kwaya akaja, akasema kwa upole, "Dada, tukiipeleka kazi kwa fundi wa sokoni, usitufikirie vibaya." Hakuwa na ubaya, lakini alipoondoka nililia. Nikaomba nikisema, Bwana, usiniondolee na hiki.

Jibu la maombi lilishuka kwenye basi la kutoka Maswa, limebeba kuku kwapani. Alikuwa mama mkwe wangu wa Ipililo, ambaye sote nyumbani tunamwita Mayu, yaani mama. Akaikagua ile cherehani, akanigeukia.

"Ng'wana wane, mwanangu, huyu ni ng'ombe wa mahari," akasema. "Wewe unahitaji maksai. Maksai haangaliwi rangi. Anafungwa nira, tumwone."

Kesho yake tukairudisha dukani. Ilikuwa bado mpya, na mwenye duka, Mungu ambariki, akakubali tubadilishe. Nyuma kabisa kwenye vumbi zilikuwapo cherehani mbili za mkono, za chuma cheusi. Niliona aibu, maana hizo nilizijua ni za bibi zetu. Muuzaji akatoa tena kile kijitambaa chake.

"Hicho weka, baba," Mayu akamwambia. Akafungua mfuko, akatoa kipande cha gunia la pamba na kipande cha khanga iliyochakaa. "Tuanze na gunia."

Ya kwanza ilikwama, uzi ukajisokota chini. Ya pili ikapita juu ya gunia lililokunjwa, kisha ikapita kwenye khanga bila kuikunyanza. Mayu akageuza vitambaa kuona kama mishono ya chini inafanana na ya juu. Akavuta mshono kwa mikono yote miwili, haukuachia. Akauliza sindano na bobini zake zinapatikana hapahapa au mpaka Mwanza. Akaambiwa hapahapa, tukaichukua hiyo ya pili. Na mwanamke huyu hajawahi kushona hata kifungo, ndugu zangu! Nampenda sana mama huyu.

Ikabaki shida moja. Cherehani ya mkono unaizungusha kwa mkono wa kulia, unabaki na wa kushoto tu wa kuongoza kitambaa, na kitambaa kile kizito kilikuwa kinanishinda kwenye kona. Mayu akavuta kigoda, akakaa upande wa gurudumu.

"Shika plau," akasema. "Mimi naswaga."

Tukalima hivyo, yeye anazungusha, mimi naongoza kwa mikono miwili, mpaka sare ya mwisho. Cherehani tukaiita Chapakazi, jina la maksai wa marehemu baba mkwe.

Siku ya Pasaka mnakumbuka kwaya ilivyoruka hapa mbele. Hakuna mshono ulioachia. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na mguu wangu, machozi yananitoka, na Mayu akaninong'oneza, "Ng'wana wane, tumelima."

Basi wewe uliyekaa nyumbani ukijiona mzigo, nakusihi umtumaini Mungu huyu. Na ukienda kununua cherehani, omba kwanza, halafu beba kipande cha gunia. Mimi nilidhani naomba mashine. Kumbe nira hufungwa wawili, na Bwana alikuwa ameshampandisha wa pili kwenye basi.