Mama Pacha Hakumloga Mtu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Nyundo weka hiyo simu mfukoni, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kugawana kwa uangalifu. Mama Pacha, mkwe wangu, usijifiche jikoni; maneno haya yanakuhusu kuliko wote.

Kaka yenu mkubwa alipougua, sote humu ndani tuliangushwa kitandani, na mkewe huyu akatuuguza bila hata kupiga chafya. Tulipomzika mumewe mkaanza kunong'ona: mwanamke huyu amebakije mzima? Nyundo, ukaacha hata kumwita shemeji, na juzi nilikusikia karakanani ukiwaambia mafundi kwamba nikifumba macho tu, atafungasha virago. Masikio yangu hayajafa, baba.

Sasa tuyaite mambo kwa majina yake. Kaka yenu hakulogwa. Aliuawa na korona, ugonjwa wa virusi. Dada yenu wa maabara alipotukusanyia mate kwenye vile vichupa, na Nyundo ukatema kwa madaha kama unatia saini, alitaka kujua kwa nini ukoo wetu unaumwa vibaya hivi. Majibu yamekuja. Tumebeba kipande cha jeni kilichotoka kwa watu wa kale sana, Waneandathali, waliozaa na baadhi ya mababu wa binadamu wa leo. Nilicheka mpaka nikakohoa: kumbe tuna wajomba ambao hatukuwahi kuwaalika harusini!

Mimi ni fundi makochi, kwa hiyo nilielewa kifundi. Babu yangu alikikata kiolezo chetu cha makochi, mkono wa kushoto wa kochi ukiwa umeinuka kidogo, kwa ajili ya mteja mmoja mwenye bega bovu. Mteja alishakufa, nasi bado tunafuata kiolezo kilekile, hata mtaani makochi yetu yanajulikana kwa upande huo. Huenda kipande hicho cha jeni kiliwafaa wale wa kale kwa maradhi yao. Kwetu sisi, virusi hivi vikiingia, askari wa mwili hupigana kwa fujo mpaka wakayabomoa mapafu wanayoyalinda. Si hukumu ya kifo. Ni hatari iliyozidi, na chanjo huipunguza.

Mama Pacha si damu yetu, na kipande hicho hana. Pacha mmoja anacho, na ndiye aliyezidiwa; mwenzake wa kitanda kimoja hana, akapona upesi. Au huyo mchawi wenu huloga nusu ya kitanda?

Basi shikeni haya. Karakana ni ya Nyundo na dada yake. Chumba cha uani na cherehani kubwa ni vya Mama Pacha, na asisumbuliwe na mtu. Wenye damu yangu wote mkachanjwe, Nyundo akitangulia. Dume zima linashinda na sindano za makochi halafu linakimbia kasindano ka nesi!

Niinulie mto, mkwe wangu... hapo hapo. Nyundo, mwite. Nataka kusikia... mwenyewe.

Hiyo ni sauti ya kuku mgonjwa. Mwite kama unavyoita wateja.

Eeh. Shemeji. Umeona? Hujafa.

Na wewe, Mama Pacha, mwitikie... utamringia kesho. Mungu awape pumzi ndefu, wanangu... mgombane mkiwa wazima, mpatane... mkiwa wazima. Nyundo, msogelee... mpe nafasi akae. Karibu zaidi. Hivyo... hivyo.