Mkeka Uliopigiliwa na Vibarua

Sogeeni karibu, wanangu, mkae hapo chini niwaone nyuso, na asinikatize mtu, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema, si ya kubishana. Suzan, zima hiyo redio. Lodu, acha kulia. Ungelilia uwanjani Jumamosi ningekuelewa. Na wewe Duku, mzaliwa wangu wa kwanza, nahodha wa timu yangu ya kriketi, baki hapo mlangoni, sijakuambia ukae.

Watu wanaokuja kunijulia hali wananiambia malesh, pole, mzee, mmeshindwa mechi ya mwisho kwa mkimbio mmoja tu, mechi tatu kwa mbili, na Sherikat nao ni timu nzuri. Nawashukuru kwa soda zao. Lakini ninyi ni damu yangu, siwezi kuwadanganya. Timu ambayo haikuwahi kushindwa mashindano tangu turudi kutoka Uganda imeshindwa nyumbani kwake Rejaf, juu ya mkeka wake wenyewe, na nahodha wake akatoka uwanjani akicheka na Fulgensio, nahodha wa Sherikat, kama watu wanaotoka harusini.

Desturi yetu mnaijua. Kiwanja chetu ni udongo mtupu, na juu ya udongo tunatandika ule mkeka mzito niliorudi nao kutoka Jinja, nilikojifunza mchezo huu nikiwa mkimbizi. Nahodha huupigilia misumari kwa mkono wake, amepiga magoti, kabla jua halijapanda, na wachezaji wote wanauvuta huku na huku mpaka unyooke. Mimi niliupigilia nikiwa na malaria. Niliupigilia asubuhi ya siku tuliyomzika mama yenu, nikaenda makaburini na vumbi magotini, na ndugu zake hawajanisamehe mpaka leo, wala sijawaomba.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mmesifiwa, mkaona kupiga magoti ni kazi ya maskini. Duku, ulikwenda kuokota vibarua pale darajani, watu wasiojua kriketi ni mnyama gani, ukawaachia nyundo, ukaenda kupigwa picha. Kona moja ikabaki na mkunjo. Tukiwa tunahitaji mikimbio miwili tu tushinde, Lodu ameshika gongo, mpira ukagonga mkunjo ule, ukatambaa chini, ukamwangushia vijiti, akatolewa, mchezo ukaisha. Mkasema ni bahati mbaya. Mimi nilikuwa nimelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, na mkunjo huo niliuona tangu asubuhi, nikanyamaza. Nilitaka nijue kama yuko hata mmoja wenu atakayeinama. Hakuwepo.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kwa hiyo sikieni timu itakavyokuwa. Uwanja, magongo na mkeka nampa Suzan. Usitabasamu, binti yangu. Sikupi kwa kuwa nakupenda kuliko hawa, nakupa kwa kuwa una roho ngumu kama yangu, na timu iliyoshiba inataka mtu wa kuinyima. Phineas, mpigaji wetu mkongwe, amekwisha. Mwambie wewe mwenyewe, leo, na akilia mwache alie, ingawa ndiye anayenibeba kila siku kutoka kitandani hadi msalani. Mahali pake watafute vijana wa mtaa wa Lemon Gaba ambao hawajawahi kushinda kitu chochote. Lodu, gongo usiliguse tena. Wewe utarusha mpira, basi.

Duku atapigilia mkeka. Kila mechi, peke yake, na kucheza hatacheza mpaka siku Sherikat watakaposhindwa hapa. Akisusa, aondoke katika nyumba hii na nguo alizovaa. Unasemaje hapo mlangoni? Kwamba wewe ni mtoto wangu? Najua. Mtoto wa mwenzangu ningemwambia pole. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi kulia nimekataa.

Ngojeni... nipumzike kidogo. Nikifa, nizikeni asubuhi, mchana mcheze. Asisimamishe mtu mechi kwa ajili yangu.

Khalas, yamekwisha. Suzan, niletee maji kwenye kibuyu, niwabariki kama baba yangu alivyonibariki, kwa maji ya kinywani. Inama. Haya, umelowa. Utii wao uwe wako, na asikuonee mtu. Lodu, njoo... karibu zaidi, nguvu ya kutema sina. Mkono wako usichoke. Uzae watoto wakuzike.

Duku. Sasa njoo. Piga magoti, mwanangu. Limebaki funda moja... hapana, Suzan, usiongeze mengine. Hili ni lake. Inamisha kichwa... funga macho...

Nimelimeza. Nilikuwa na kiu.