Ufunguo wa Namba Saba wa Mwalimu Antipasi Mughwai

Baba Padri, wazee wetu, ndugu waombolezaji, familia inaomba msikilize hadi mwisho, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno haya marehemu aliyaandika mwenyewe kwenye daftari, na limo jambo ambalo hakupata kulisema hadharani akiwa hai.

Mwalimu Antipasi Mughwai alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika kijiji kilicho jirani na Ikungi, mtoto wa tatu wa mzee Mughwai na mama Emiliana, akachunga ng'ombe wa baba yake hadi mwaka 1960 alipoandikishwa darasa la kwanza, akamaliza sekondari mwaka 1971, na mwaka 1973 akahitimu ualimu wa hisabati. Huko chuoni ndiko alikokuta kitabu chakavu, kisicho na jalada, kilichoeleza habari za maandishi ya siri, na jinsi mtaalamu mmoja wa Baghdad, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alivyoyafumbua kwa kuhesabu tu ni alama ipi inajirudia zaidi.

Alifundisha Iramba kuanzia Januari 1974 hadi alipostaafu Machi 2011, na wengi mliopo hapa mnakumbuka alivyowagawia ukurasa wa gazeti, kila mmoja na mistari yake, mkahesabu herufi na kukuta kuwa a peke yake inachukua karibu moja kati ya tano, naye akasema, "Hata mkiificha chini ya alama nyingine, itajitaja yenyewe kwa wingi wake."

Tarehe 8 Novemba 1975 alifunga ndoa na Scholastika wa Misigiri, akahamia huko moja kwa moja, Mungu akawajalia watoto wanne, mmoja akatangulia akiwa mdogo. Kitindamimba wao, Flora, aliolewa Julai 2009 na Philipo, aliyekuwa na shimo la dhahabu Sekenke kwa ubia na rafiki yake Idrissa.

Mwaka 2014 wawili hao walimwomba Mwalimu awatengenezee namna ya kumpasha habari kwa simu kuhusu siku na njia ambayo dhahabu itapanda nayo mlima hadi kwake Misigiri, bila mtu mwingine kuelewa. Akaipa kila herufi namba yake, kisha akaiongezea namba moja kati ya saba walizozikariri, kwa zamu, herufi ya nane ikirudia namba ya kwanza, na alijivunia kazi hiyo, kwani kuhesabu herufi peke yake kusingeifumbua upesi.

Ujumbe wa kwanza wa Philipo ulitaja siku na njia tu, na Mwalimu akamwambia mbele ya watu, "Mkwe wangu, namba zimekufundisha kuingia kwa mzee bila hodi?" Philipo akatahayari, na tangu hapo hakutuma ujumbe usioanza na shikamoo, ingawa Idrissa alimtania, "Mwamkie tu mpaka chaji iishe, ndiyo shida ya kuoa kwa mwalimu."

Tarehe 17 Agosti 2015, saa nne asubuhi, Philipo alikutwa ameuawa kwenye njia ya miguu ya mlima Sekenke, njia aliyoichagua alfajiri hiyo hiyo na kuitaja katika ujumbe mmoja tu, ambao waliojua kuusoma walikuwa watu watatu. Wazee walipomuuliza Mwalimu kama namba zake zingeweza kufunguliwa, alijibu, "Namba hazina mdomo, mwenye mdomo ni mtu," na kwa neno hilo Idrissa alikamatwa, akakaa mahabusu miezi kumi na mmoja, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, akahamia Ikungi, na hakuna wa huku aliyekula naye tena.

Tarehe 9 Septemba 2015, Idrissa akiwa mahabusu, hana simu, ujumbe wa namba uliingia kwenye simu ya Mwalimu kutoka kwa mtu asiyemjua, akaufungua kwa ufunguo wake mwenyewe, ukasema: Shikamoo mwalimu. Pole kwa msiba. Somo limeeleweka.

Ndipo alipochukua kalamu, na ameandika kuwa hakumaliza hata dakika tano. Kila ujumbe wa Philipo ulianza na namba nane zilezile, na yeyote aliyezitazama mara mbili tatu, pale Sekenke kwenye kibanda ambako simu za wachimbaji, ya Philipo ikiwemo, ziliachwa zikichajiwa hadi wenyewe wanapoondoka, alihitaji kujiuliza tu mkwe huanzaje kumwandikia baba mkwe wake. Ukitoa namba za herufi nane za shikamoo kwenye namba zile, saba zinakupa ufunguo wote, na ya nane inarudia ya kwanza, kukuhakikishia kuwa hukukosea.

Alinyamaza. Kumsafisha Idrissa kulihitaji kumwambia Flora kwamba adabu aliyoidai baba yake ndiyo iliyomfungulia muuaji mlango, na sisi hatuna haraka ya kumhukumu mzazi, ila tunakiri kuwa kimya hicho alikibeba Idrissa kwa karibu miaka kumi. Tuliokaa na Mwalimu tuliona tu kwamba hakuhudhuria tena mahafali, na kwamba mwanafunzi wake wa zamani akimwamkia njiani, alimtazama usoni kwa muda mrefu kabla ya kuitikia.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa Singida mjini, akarudishwa nyumbani Aprili mwaka huu. Tarehe 18 Mei alimwita Flora akamsomea daftari lote, Flora akatoka, akakaa karibu na zizi hadi uji wa mgonjwa ukapoa, kisha akarudi akasema, "Baba, hili halizikwi na wewe." Kesho yake alipanda basi kwenda Ikungi, na Idrissa, akimsikiliza amesimama mlangoni, alimjibu, "Nimekusikia, dada. Sasa wakasikie walionitemea mate."

Mwalimu alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kuchimba kaburi, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa miaka yote, ambao leo mmejaa hapa, mmetushika mkono mmoja mmoja, na sita wenu mmebeba jeneza, nasi hatuna namna ya kujua kama aliyeandika ujumbe ule yupo kati yenu.

Na wewe Idrissa, uliyesimama nje ya turubai, tunatamka mbele ya wote kwamba hukumuuza Philipo, tunakuomba radhi wewe na mkeo Rukaiya, na Flora ameomba uweke udongo mara baada ya mama. Ukikataa, hatutakulaumu.

Mwalimu Antipasi, uliyotuachia tumeyasoma yote, pumzika kwa amani.