Zamu ya Mwalimu Mdako

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, wa nne kati ya watoto saba wa fundi saa na mkewe mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Shule ya msingi alisoma jirani, ambako alichapwa mara nyingi kwa kurusha na kudaka vijiwe vya mdako chini ya dawati. Hakukoma. Mwaka 1971 alihitimu ualimu, akafundisha chekechea miaka thelathini na minne, katika chumba kilekile chenye madirisha mawili. Hapo ndipo alipoitwa Mwalimu Mdako.

Asubuhi nzima watoto wa darasa lake walicheza. Wazazi walimjia juu, wakasema watoto wamekuja kusoma, si kuchafua nguo. Aliwakalisha sakafuni, akawapa vijiwe vitano. Anayecheza, aliwaambia, anahesabu, anangoja zamu yake, na akishindwa hapigani. Watu wazima wangapi wanayaweza hayo? Wakacheka, wakaenda zao. Kanuni yake ilikuwa moja: mtoto akiomba kucheza haambiwi kesho.

Tarehe 2 Agosti 1975 aliolewa na seremala, ambaye alimtangulia. Walijaliwa binti mmoja. Mama alirudi jioni akiwa hoi kwa watoto wa watu, lakini bintiye hakulala bila mchezo mmoja.

Oktoba iliyopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mpira wa mazoezi wa hospitali aliutupa chini ya kitanda. Binti akamletea vijiwe vyake. Wiki za mwanzo alidaka hewa. Kufikia Februari, alidaka vitatu.

Jioni ya tarehe 11 mwezi huu alidaka vyote vitano. Akavisogeza juu ya shuka kwa binti.

"Zamu yako."

Binti alikuwa ametoka kazini, miguu inamwaka moto.

"Kesho, mama."

Mama alimtazama, akatabasamu kidogo, akageukia ukutani. Alfajiri alifariki.

Binti hajalia. Watu wanasema hajaamini, lakini ameamini. Amepokea wageni, amepanga viti, ameandika karatasi hii, na hahisi kitu. Jana mjukuu mdogo alimwomba wacheze. Alikaa chini na nguo zake za msiba, akarusha, akakosa.

"Sasa zamu yangu," mjukuu akasema. Hata hapo binti hakulia. Alimpa vijiwe.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, dada mmoja, na watoto wa chekechea ambao wengine sasa wana mvi. Apumzike kwa amani. Yeye zamu yake aliimaliza.