Leidi Venetia na Mtoto Asiyeandikwa

Mchungaji Rutayisire, wazee wa kanisa, waimbaji, majirani wa hapa Iroquois na South End yote ya Louisville, wenzangu wa kazini mliobadilishana shifti ili mfike, na wewe Bwana Julian Corbrook uliyesafiri kutoka Uingereza, nawasalimu katika jina la Bwana. Naitwa Spés Nduwimana, nimesimama hapa kama msemaji wa familia, ingawa familia yenyewe imeketi mstari wa pili na haikunituma. Aliyenituma ni marehemu, kwa karatasi aliyoisaini mwaka 2021 mbele ya mashahidi wawili, na kama sauti yangu itakuwa kali mnisamehe, maana nimekasirika tangu Jumanne ya wiki iliyopita na sijapata pa kuiweka hasira hiyo. Binti yangu Gracieuse ameketi kando ya Bwana Julian, anamtafsiria neno kwa neno, na nimemwambia asipunguze makali.

Bwana Julian ni mtoto wa kaka yake marehemu. Alifika Alhamisi akiwa na historia ya marehemu iliyokwishaandikwa kwao, ukurasa mmoja, akaniomba niisome hiyo badala ya yangu. Niliisoma peke yangu mara tatu, Kiingereza chake ni kizuri, nyumba ya ukoo wao imetajwa mara nne, farasi mmoja ametajwa kwa jina lake, na karibu na mwisho kuna sentensi inayosema kwamba marehemu hakujaliwa mtoto. Kwa sababu ya sentensi hiyo, ukurasa huo umebaki kwenye mkoba wangu, na nitakayoisoma ni hii niliyoiandika mimi.

Marehemu Leidi Venetia Mary Corbrook alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika nyumba ya ukoo wao huko Shropshire, Uingereza, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne wa Lodi Corbrook na mkewe, na huo uleidi, kwa wale mnaoniuliza kila siku, hakuupata kwa kusoma wala kwa kuolewa, alizaliwa nao, kama sisi wengine tulivyozaliwa na ukimbizi. Alilelewa na yaya, na aliniambia kwamba mpaka anafikisha miaka saba alikuwa akipelekwa kwa mama yake saa kumi na moja jioni, kwa nusu saa, akiwa amechanwa nywele na kuvalishwa vizuri. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania na mama yangu nilimwona kutwa nzima, nikamwambia kwamba kwa upande huo tajiri nilikuwa mimi, akaninunia hadi jioni.

Alifundishwa nyumbani hadi mwaka 1947, akapelekwa shule ya bweni ya wasichana, alikosoma hadi mwaka 1955, na huko walifundishwa Kifaransa, kupanda farasi, na kutolia mbele za watu. Septemba 1956 alijiunga na chuo cha uigizaji mjini London bila ruhusa ya baba yake, ambaye aliacha kuzungumza naye kwa miaka mitatu, na yeye akahitimu Julai 1958.

Alianza kazi mwaka huohuo, akaigiza jukwaani miaka hamsini na moja, pamoja na filamu saba, na karibu kila mara alipewa kuwa malkia, au mke wa jenerali, au mwenye nyumba kubwa, kwa sababu ya ile sauti yake na namna alivyoinua kidevu. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kupewa kubeba trei, kazi yake ilikuwa kupiga kengele, na mwingine ndiye aliyeingia na trei.

Oktoba 1971 alikuja Marekani na kundi la waigizaji, wakafanya maonyesho Buffalo msimu mzima wa baridi, na theluji ilipowafungia ndani ya jumba la maonyesho siku mbili, alifahamiana na seremala wa jukwaa, Raymond Doyle, kijana wa mji jirani wa Tonawanda, ambaye baba yake na kaka zake wote walikuwa wafanyakazi wa kiwandani. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Juni 1973, katika kanisa Katoliki huko Tonawanda, upande wa bwana harusi watu walijaa hadi mlangoni, na upande wa bibi harusi alikaa mtu mmoja, mwanamke aliyemshonea gauni. Kutoka Uingereza ilikuja telegramu ya maneno manne. Hakuniambia ni maneno gani, aliniambia tu kwamba yalikuwa manne.

Sasa nafika kwenye watoto, na hapa, Bwana Julian, nakuomba uache kutazama saa.

Mwaka 1974 Raymond alipata kazi ya kudumu Columbus, Ohio, wakahamia huko, na tarehe 2 Februari 1975 marehemu alijifungua mtoto wa kike, wakampa jina Agnes, jina la mama yake Raymond. Mtoto alizaliwa na tatizo la moyo, akaishi siku kumi na saba, akafariki tarehe 19 Februari 1975, akazikwa siku mbili baadaye upande wa mashariki wa mji huo, mahali ambapo baba yake alinunua nafasi tatu zinazofuatana. Mwezi wa tatu ilikuja barua kutoka kwa kaka yake marehemu, baba yake Bwana Julian, ninayo barua hiyo, marehemu alinipa akisema aitunze mtu mwenye hasira, na maneno yake ni haya, "Tumesikia. Mama anaona ni afadhali jambo hili lisisemwe." Hakuna pole, hakuna jina la mtoto, hakuna hata kuuliza kama mzazi ameamka kitandani.

Na yeye akatii! Hilo pia linaniudhi, sitalificha kwa sababu amelala hapa mbele yetu. Tarehe 7 Machi alirudi jukwaani kuchekesha watu, na kwa miaka arobaini na nne hakulitamka jina la mwanawe mbele ya mtu yeyote isipokuwa mume wake. Aliigiza mara nyingi akina mama waliofiwa, watu wakasimama, wakampigia makofi hadi viganja vikawauma. Kwa huyu wa kwake mwenyewe hakuna aliyesimama.

Agosti 1984 walihamia hapa Louisville, yeye akiigiza na kufundisha vijana uigizaji, mumewe akitengeneza samani, hadi Raymond alipofariki tarehe 30 Novemba 2001, akazikwa Columbus kando ya mtoto. Marehemu alistaafu mwaka 2009, mwaka 2016 akaanguka akavunjika nyonga, akahamia nyumba ya kutunzia wazee hapa South End, ambako mimi nilianza kazi Januari 2017.

Sitawadanganya, hatukupendana. Alinipigia kengele tangu naingia shifti mpaka natoka, pazia lifunguliwe, pazia lifungwe, chai imepoa, chai ina moto sana, akiniita msichana wake, mimi mama wa watoto wanne, mpaka siku moja nikasimama mlangoni nikamwambia, "Bibi, hapa si jukwaani." Nilijua nimefukuzwa kazi. Badala yake alicheka hadi akakohoa, akaniambia niketi, akaniuliza jina langu linatamkwaje, akalirudia na kulirudia kama mtu anayekariri maneno ya mchezo mpaka akalipata, na tangu siku hiyo hakulikosea, wakati mabosi wangu wanalikosea hadi leo.

Mei 2019 mama yangu mzazi, Delfina, alifariki, akaagwa katika kanisa hili, na Bibi Venetia alilazimisha aletwe, akakaa pale karibu na mlango kwenye kiti chake cha magurudumu, Gracieuse akimtafsiria kama anavyofanya sasa. Kaka yangu Aloisi alisoma historia, akasema mama alizaa watoto tisa, walio hai ni wanne, akawataja wote tisa kwa majina, pamoja na watano tuliowaacha katika makaburi ya kambi ya Mtabila, akiwemo yule aliyeishi tangu asubuhi hadi mchana tu. Tulipokuwa tunamrudisha kwa gari Bibi aliniuliza mbona tumewahesabu na waliokufa, nikamjibu, "Kwa sababu aliwazaa." Tulipokwisha kupita Iroquois Park ndipo aliposema, "Basi mimi ninaye mmoja."

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Mwanamke wa miaka themanini na mmoja, aliyelia mbele ya umati nusu karne, hakujua jinsi ya kujililia mwenyewe, mabega yalimtikisika na sauti haikutoka. Kwetu mwanamke aliyezaa anaitwa kwa jina la mwanawe, na siku iliyofuata nilimwita hivyo, kwa jina alilonitajia garini, akainua mkono kunikataza, akasema hajazoea, akaomba chai. Nilimletea chai, lakini niliumia.

Na nyinyi wa kanisa hili msifikiri nimewasahau. Wiki iliyopita tu kuna walionong'ona kwamba wazungu wana makanisa yao, na Mzee Zihindula, mtu wa Kongo, alisimama kwenye kikao cha msiba akauliza, "Donc, mama Spés, huyu muzungu ni wa kwetu ama hapana? Juu kama haiko wa kwetu, tutamulilia namna gani?" Nilikasirika, nikamwambia tu aje na mimi Columbus. Jumapili tarehe 13 Oktoba tulikwenda, yeye na mke wake Nabintu na mimi, tukatafuta kaburi zaidi ya saa moja, nyasi zilikuwa zimelifunika jiwe. Mzee alipiga magoti na suruali yake ya ibada, akang'oa nyasi kwa mikono, akakwangua udongo kwenye herufi kwa ufunguo wa gari, akalisoma jina, akabaki amekaa palepale chini. Halafu akasema, "Bon. Na mimi niliacha moja kule Walungu, hakuna mutu anamusafishia. Huyu ni wa kwetu." Tangu hapo hajauliza tena, na magari ya leo ameyapanga yeye.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi wa tisa, akalazwa hospitalini tarehe 1 Oktoba, akafariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Nilikuwa nimemshika mkono, na kengele ilikuwa kando ya mto wake, hakuipiga. Nilipowaarifu ndugu zake walijibu kwa barua pepe kwamba achomwe na majivu yatumwe Uingereza, kisha wakili wao akanipigia simu siku nne mfululizo kuniambia kwamba nafasi ya Columbus haina maana, kwa kuwa katika kitabu cha ukoo hakuna mtoto. Nilimtumia cheti cha kuzaliwa, nikamtumia picha ya jiwe, nikamtumia na ile karatasi ya 2021, ambamo marehemu ameandika kwa mkono wake kwamba azikwe na mwanawe na kwamba historia yake niisome mimi. Simu ikakoma. Ndiyo maana jeneza hili leo linakwenda Columbus.

Bwana Julian, barua ile ilipoandikwa wewe ulikuwa hujazaliwa, sikulaumu kwa barua ya baba yako. Nakulaumu kwa sentensi yako, ambayo umeiandika wiki hii, ukiwa mtu mzima, baada ya kuiona picha ya jiwe.

Marehemu aliolewa mara moja, alizaa mtoto mmoja, aliye hai hakuna. Nawaomba tusimame. Hapa kwenye karatasi nimejiandikia neno moja, "subiri," nami nitasubiri mpaka kila mwenye miguu awe amesimama.

Agnes Doyle, mtoto wa Venetia na Raymond, aliyezaliwa Columbus tarehe 2 Februari 1975, akafariki Columbus tarehe 19 Februari 1975.

Asante, Bwana Julian. Umekuwa wa mwisho, lakini umesimama, nimekuona. Tuketi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zake nane za mwisho, hasa yule daktari kijana aliyevuta kiti akaketi badala ya kuzungumza amesimama mlangoni. Nawashukuru wafanyakazi wenzangu, mliopigiwa kengele na mkaenda, pia mliopigiwa mkajifanya hamjasikia, maana na mimi niliwahi kufanya hivyo. Nawashukuru wanafunzi wake wa zamani, majirani, waimbaji, akina mama waliopika tangu jana, na Mzee Zihindula. Magari yanaondoka saa tano kamili, safari ni zaidi ya saa tatu, na Bwana Julian ana nafasi kwenye gari langu, kama bado anataka kuja.

Bibi, miaka mitano iliyopita uliinua mkono ukanikataza, nami nikanyamaza. Leo mikono yako yote miwili imelala kifuani na siombi ruhusa. Nenda ukapumzike naye kwa amani, Mama Agnes.