Tumbukiza Kwanza, Tutaongea

TAWNYA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Namba siijui.

MEREDITH: Mimi Meredith, mpenzi. Natumia simu ya ofisini, yangu imezimika kwa kupigiwa tangu asubuhi. Hujambo?

TAWNYA: Sijambo, mwenyekiti wetu wa kampeni. Za huko?

MEREDITH: Roho zetu ziko mkononi. Umefika wapi?

TAWNYA: Nateremka mlima. Theluji imeanza, nakwenda polepole. Josie yuko kiti cha nyuma, anaimba.

MEREDITH: Na mfuko?

TAWNYA: Mfuko upo. Kambi nzima ya nyumba za magurudumu, Meredith! Kila bahasha ya kura imefungwa na imetiwa sahihi, nimezikagua mwenyewe. Hata Mzee Wendell katoa yake.

MEREDITH: Wendell yule wa mbwa?

TAWNYA: Huyo huyo. Mbwa kanirarua suruali, yeye anacheka. Mtu katoka California kuja Oregon kukimbia kodi, leo kaipigia kura kodi ya shule! Kaniambia, "Siwapi nyinyi wazazi wenye mabango. Nampa huyu mtoto."

MEREDITH: Safi sana. Basi kaza mwendo. Sanduku la kura linafungwa saa mbili, na kwa tunavyoona huku tunakabana koo—

TAWNYA: Meredith, nina swali.

MEREDITH: Uliza ukifika.

TAWNYA: Dogo tu. Leo nilipomfuata Josie shuleni, nimemkuta muuguzi Yolanda anapanga vitu kwenye maboksi. Kabati lote la dawa. Nikamwambia, mama, unahama? Akaniangalia, akasema muulize mwenyekiti wenu.

[Mlango unafungwa upande wa Meredith.]

TAWNYA: Haloo?

MEREDITH: Nipo. Mtandao huu. Unakwenda sanduku lipi, la zimamoto au la maktaba?

TAWNYA: La maktaba. Nimesema Yolanda—

MEREDITH: La maktaba ndiyo zuri. Unasogeza gari, unapitisha mkono dirishani, hata kushuka hushuki.

TAWNYA: Meredith, unanisikia kweli? Wiki iliyopita Josie kaanguka kifafa kwenye foleni ya chakula. Kama si Yolanda kumpulizia ile dawa puani palepale—

MEREDITH: Najua, mpenzi. Nimelisimulia kwenye mikutano yote.

TAWNYA: Wewe umesimulia. Mimi ndiye niliyemkuta midomo imekuwa ya bluu.

MEREDITH: Na ndiyo maana tunapigania kura hii. Muuguzi kwenye kila shule. Si ndivyo bango linavyosema, chini ya picha ya Josie?

TAWNYA: Ndivyo.

MEREDITH: Basi tumbukiza kwanza, tutaongea.

TAWNYA: [mkwaruzo wa mtandao] ...naziona taa za maktaba. Kuna foleni ya magari. Watu wamekuja, Meredith! Josie anapunga mkono kwa kila mtu, anawaambia, "Yule kwenye bango ni mimi."

MEREDITH: Kipenzi cha watu huyo. Usikate simu.

TAWNYA: Haya, zamu yangu. Naweka simu hapa. Unasikia?

[Mlio wa chuma, mara nyingi.]

MEREDITH: Nasikia. Endelea. Zimeisha?

TAWNYA: Mfuko mtupu. Imebaki yangu tu, anayo Josie. Nimemwahidi ataitumbukiza mwenyewe. Kaibandika na kinyota.

MEREDITH: Na ya Wendell imo?

TAWNYA: Imo, nimekwambia mfuko mtupu.

MEREDITH: [anapumua] Ah. Mungu akubariki. Sasa, Tawnya, sikiliza. Nilitaka ulisikie kwangu, usilisome kesho kwenye gazeti.

TAWNYA: Nini?

MEREDITH: Kura ikipita, hela zinajenga shule moja kubwa huku mjini. Ile yenu ya mlimani inafungwa. Yolanda anateremshwa mjini mapema, kaambiwa akae tayari.

TAWNYA: Sijakusikia vizuri.

MEREDITH: Umenisikia.

TAWNYA: Si mlisema muuguzi kwenye kila shule?

MEREDITH: Na itakuwa hivyo, hatukumdanganya mtu. Kila shule itakuwa na muuguzi. Yenu ndiyo haitakuwa shule.

[Honi kwa mbali.]

TAWNYA: Na ikishindwa?

MEREDITH: Ikishindwa tunabaki vilevile. Mapaa yanavuja—

TAWNYA: Na Yolanda anabaki.

MEREDITH: ...Anabaki.

TAWNYA: Kutoka kwetu hadi mjini ni saa nzima kwenye basi. Akianguka njiani nani atampulizia dawa? Dereva?

MEREDITH: Dereva haruhusiwi kugusa dawa. Lakini yapo masomo ya nyumbani, kwa kompyuta—

TAWNYA: Kompyuta ya wapi? Huku kwetu hata simu hii tunaisikia nusu! Na mimi niache kazi nikae naye? Tule nini, bango?

MEREDITH: Usinipigie kelele. Najua inauma.

TAWNYA: Ulijua tangu lini?

MEREDITH: Tawnya—

TAWNYA: Tangu lini?

MEREDITH: Kiangazi.

TAWNYA: Kiangazi mimi nilikuwa nabisha hodi kwa watu, moshi wa misitu umejaa kifuani, nimemfunga mtoto barakoa!

MEREDITH: Ndiyo. Na ulibisha vizuri, hakuna aliyekufikia.

TAWNYA: Mbona hukuniambia?

MEREDITH: Ningekwambia ungebisha hodi?

TAWNYA: Kwa nini picha yake basi? Mjini kwenu hamna watoto?

MEREDITH: Tuliwaonyesha watu picha kadhaa kabla ya kuchapisha. Ya Preston wangu ilikuwemo. Hawakuguswa. Wakasema huyu mbona anaonekana hana shida. Tulipowaonyesha Josie na ile kofia yake ya kujikinga, mama mmoja akalia. Sasa ungekuwa wewe ungechagua ipi?

TAWNYA: Mmemtumia mwanangu kumfungia shule yake.

MEREDITH: Wa huku ni wengi, Tawnya. Preston anasoma kwenye darasa lenye ndoo tatu za kukinga maji. Nao ni watoto. Nilipiga hesabu, nikaona wenu ni wachache. Silali kwa hilo, kama unataka kujua.

TAWNYA: Sitaki kujua.

[Honi.]

TAWNYA: Nazitoa.

MEREDITH: Huwezi. Sanduku la chuma hilo.

TAWNYA: Namwita mlinzi wa sanduku, namwambia—

MEREDITH: Utamwambia nini? Zile ni kura za watu, si zako. Wenye kura wametia sahihi zao. Uliwaomba mwenyewe.

TAWNYA: Wendell atanitazama vipi?

MEREDITH: Wendell atapona. Na yako?

TAWNYA: Nini yangu?

MEREDITH: Bahasha yako. Imebaki dakika moja. Nakuomba, tunakabana—

TAWNYA: Unaniomba? Una uso wa kuniomba? Yangu siitii! Yangu naichana hapahapa! Josie, hebu mpe mama hiyo bahasha. Josie. Mpe mama. Hapana, mwanangu, usifungue dirisha, ngoja kwanza, mama kasema ngoja—

[Mlio wa chuma, mara moja.]

MEREDITH: Haloo? Tawnya? Nini hicho?

[Shangwe za mtoto.]

MEREDITH: Tawnya, nijibu. Ametia?

TAWNYA: Ametia.

MEREDITH: Na hizo kelele?

TAWNYA: Anashangilia. Anasema, "Mama, nimempigia kura muuguzi Yolanda."

MEREDITH: Mwambie... mwambie asante. Mwambie ameweza.

TAWNYA: Mwambie wewe.

MEREDITH: Mimi naitwa, wanaanza kutangaza za kwanza. Sikiliza, mje kwenye sherehe. Piza ipo tele. Mwandishi wa gazeti kaomba picha ya Josie, aje na ile kofia, ile ya kwenye bango—

TAWNYA: Meredith.

MEREDITH: —na wewe usiseme neno leo, nakusihi, tutakaa sote baada ya matokeo—

TAWNYA: Meredith, anauliza kama sasa Yolanda hatahama.

MEREDITH: [vigelegele nyuma yake] Sikusikii! Tunaongoza, Tawnya! Tunaongoza! Haya kwaheri, kwaheri, mje—

TAWNYA: Haloo? Haloo?

[Simu imekatika.]

TAWNYA: Amesema asante, mwanangu. Funga dirisha, baridi inaingia.