Marehemu Himid Geraghty na Jina Lililomzungusha

Wasifu wa kuchapishwa si desturi yetu sana, na Mzee Himid mwenyewe, kama angekuwepo, angeusikiliza akiwa amesimama mlangoni, koti mkononi. Lakini maisha yake yalikuwa na vituo vingi, na wengi waliokuja kumzika leo wanamjua kwa kituo kimoja tu: huyu wa posta, huyu wa msikitini, huyu wa Kenton, huyu wa safari za Ireland. Familia imeona ni vyema wote wasikie habari yake nzima.

Alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1941, Mlandege, mjini Unguja, mtoto pekee wa Bi Kazija Vuai na Bwana Martin Geraghty. Bi Kazija alikuwa mshonaji. Bwana Martin alikuwa Muairishi, fundi wa waya za simu za chini ya bahari, ambaye alisilimu, akaoa mbele ya kadhi, na kabla mwanawe hajatimiza miaka miwili akapelekwa Mombasa kwa shughuli za vita. Hakurudi, wala hakuandika. Aliacha jina tu. Cheti cha kuzaliwa kilisomeka Himid Martin Geraghty, na kwa kuwa kwetu jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu, mtaa mzima ulielewa, na Himid akakua akielewa, kwamba babu yake ni mzee mmoja wa Ulaya ambaye wazazi wake walimpa jina la Geraghty.

Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo mtaani, kisha skuli ya serikali, akamaliza mwaka 1958. Siku ya kwanza ya skuli, mwalimu alipoita majina, darasa lilicheka hadi kengele. Alirudi nyumbani anafoka, akamkuta mama yake ana pini mdomoni na gauni la bibi harusi magotini.

"Babu Geraghty yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kwao."

"Kwao wapi?"

"Mbali. Kaa kitako ule, wali unapoa."

Hakukaa. Alikula wima, akiangalia njia, na tabia hiyo aliichukua hadi uzeeni.

Mwaka 1959 aliajiriwa posta ya Unguja, akapanga barua hadi Januari 1964, yalipotokea Mapinduzi. Wenzake wawili wa ofisini walikamatwa, na yeye, kwa rangi yake na jina lake, akaanza kuulizwa njiani ni wa nani na kwao wapi. Bi Kazija hakuwa mwanamke wa kulia mbele za watu. Alimfungia nguo, akamwambia, "Jina hilo halijakufaa kwa lolote tangu uzaliwe. Basi likufae leo." Likamfaa kweli. Alivuka hadi Mombasa, na huko Waingereza walikiangalia cheti chake, wakampa pasipoti, na tarehe 20 Mei 1964 akateremka London, akiwa amemwahidi mama yake kwamba akishapata pa kukaa wataonana.

Afisa wa uwanja wa ndege aliisoma pasipoti, akamtazama usoni, akatabasamu na kumuuliza kwao ni upande gani wa Ireland. Miezi minne nzima swali la kwao wapi lilikuwa la kumtisha. Huyu alimuuliza kama mtu anayeuliza habari za jamaa. Mzee Himid alisimulia kisa hicho mara nyingi mno, na Bi Ummukulthum, mkewe, husema kwamba ugonjwa wa marehemu haukuanza hospitali, ulianza pale uwanjani.

Alipata kazi ya kupanga barua katika ofisi ya posta ya London, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2001. Barua za jina lake alizitambua kwa mbali. Zilitoka Liverpool, zilitoka Boston, zilitoka Melbourne, na kila aliyoipanga ilimuuma, maana aliwadhani wote ni wajukuu wa mzee Geraghty, wanajuana na yeye hajulikani. Alichotaka ni kitu kimoja, na alikitaka kwa miaka hamsini na kitu: mtu mmoja mwenye jina hilo amtazame na kumwambia, wewe ni wetu.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo lingefanywa na mtu wa kwetu tu. Kwa miaka mitano aliandikia makanisa ya magharibi ya Ireland, parokia baada ya parokia, akimuulizia babu yake, mzee Geraghty, baba yake Martin. Alitaka waangalie vitabu vya ubatizo, watoto walioitwa Geraghty. Walimjibu kwa adabu kwamba hawapo. Naye akahamia parokia ya jirani. Mwishowe, mwaka 1971, padri mmoja wa Roscommon alimwalika nyumbani kwake, akamtilia chai, akamweleza taratibu kwamba Geraghty si mzee. Ni jina la ukoo mzima, linarithiwa na wote, wake kwa waume, karne baada ya karne, na hakuna mzazi anayembatiza mtoto hivyo. Marehemu aliuliza, "Sasa babu yangu mwenyewe alikuwa anaitwa nani?" Padri akasema hilo halijui. Himid alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha akatoka nje akalia.

Lakini hakurudi mikono mitupu. Padri alimpa asili ya jina. Lilitoka Connacht, upande huo huo wa Roscommon, kwa watu waliohesabiwa kuwa wa baraza, waliokaa na wafalme wa huko kukata mashauri. Vita na kunyang'anywa ardhi viliwasogeza Galway na Mayo, na njaa kubwa ya viazi ya miaka ya 1840 ikawatawanya Uingereza, Marekani na Australia. Aliporudi London alibandika ramani ya dunia sebuleni na kuanza kuwaweka mahali pao.

Ramani hiyo ilimkuta Bi Ummukulthum Omar, mzaliwa wa Wete, Pemba, msaidizi wa wauguzi, aliyeolewa naye tarehe 8 Julai 1972. Nikaha ilisomwa Kenton, mtaa wa London, juu ya duka la Firoz, rafiki wa marehemu tangu skuli. Bibi harusi alipoingia nyumbani aliona mahali alipokusudia kutundika Ayatul Kursi pana Australia. Mumewe akamweleza kwa fahari kwamba yeye ni wa ukoo wa watu wa baraza.

"Wa baraza?" akasema Bi Ummukulthum. "Mbona hukai?"

Na kweli hakukaa. Walipanga Kilburn, wakahamia Kenton, wakahamia Ilford, wakarudi Kenton, wakaishia Rayners Lane, na kila nyumba ilikuwa na sababu yake, na hakuna sababu iliyomwingia mtu akilini. Watoto, Suad na Vuai, walijifunza kufunga maboksi kabla ya kujifunza baiskeli. Likizo zake zote zilikwenda Ireland au Liverpool. Alibisha hodi kwa watu wasiomjua, akaingia nyumba za vinywaji akaagiza maji, akamuulizia Martin. Akina Martin Geraghty aliwapata wengi, lakini wa kwake hakumpata. Wengi walimpokea vizuri, wakamlisha, wakamuaga. Hapana aliyemwambia yeye ni wao.

Na Bi Kazija? Tangu mwaka 1969 alikuwa amehamia Kibokoni, Mombasa, kwa dada yake, mahali ambapo mwenye pasipoti ya Uingereza angeweza kushuka wakati wowote. Alituma salamu kwa kanda, sauti yake kavu ile ile, cherehani ikisikika nyuma. "Mwanangu Himid, miye sijambo. Nasikia unamtafuta babaako. Haya. Umeshakula? Huku hapana wa kukuzuia, njoo japo wiki." Marehemu alijibu kila kanda kwa upendo mkubwa, na kila jibu lilikuwa na neno mwakani. Firoz alimwambia waziwazi dukani, mbele ya wateja, "Wee Himid, yule bibi hakungoji mpaka uwamalize Waairishi." Alikasirika, wakanuniana Ramadhani nzima.

Bi Kazija alifariki tarehe 2 Agosti 1978, akazikwa siku hiyo hiyo. Simu ya maandishi ilifika London, mwanawe yuko Roscommon. Aliposoma habari hizo khitma ilikuwa imeshapita. Mwaka uliofuata hakwenda Ireland, na watu wakafikiri ameacha. Mwaka wa pili akaenda tena, safari hii kwa pupa zaidi.

Mwaka 2019 Suad, kwa kumhurumia, alimtemesha mate kwenye kichupa, yakapelekwa kupimwa nasaba. Majibu yaliporudi alikuwepo dada wa baba mmoja, Eileen Geraghty, aliyezaliwa 1946, mwalimu mstaafu, mkaazi wa Ilford, jirani kabisa na mtaa ambao marehemu alipanga na kuuhama. Roscommon, Liverpool, barua za Boston, na dada yuko Ilford. Bi Ummukulthum aliposikia alikwenda jikoni, akafunga mlango, akacheka peke yake kwa heshima.

Walionana tarehe 15 Juni. Marehemu alivaa suti, akatangulia kushuka kwenye treni kabla haijasimama sawasawa. Mwanamke aliyefungua mlango alikuwa na paji lake la uso na masikio yake. Walitazamana, na Bi Eileen akayasema yale maneno bila kuombwa: wewe ni wetu. Kisha akamweleza kwamba baba yao aliondoka pale pia, mwaka 1956, yeye ana miaka kumi, akaenda Australia, na hakuandika. Hakuwahi kukaa mahali, alisema, hata chakula alikula amesimama. Suad, aliyekuwa kwenye kochi, alimtazama baba yake, ambaye wakati huo alikuwa dirishani na kikombe mkononi.

"Dad," akasema, "sit down."

Akakaa. Ndipo Bi Eileen akauliza swali ambalo wenyeji wa Ireland nzima hawakuwahi kumuuliza. Alitaka kujua habari za mama yake Himid. Alikuwa mtu wa namna gani, kwao wapi, wazee wake ni akina nani, amezikwa wapi? Mzee Himid, ambaye angeweza kukutajia jina la Geraghty limefikaje Chicago, alikuwa na mawili tu ya kumwambia. Alijua kwamba mama alikuwa mshonaji. Alijua kwamba babu wa upande huo aliitwa Vuai. Zaidi ya hapo hakujua, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Ndani ya treni, wakirudi, alimwambia Suad kwa Kiswahili, maneno ambayo Suad ameomba yasomwe yalivyo: "Aliyeniacha nimemtafuta umri wangu wote. Niliyemwacha sikumtafuta hata siku moja."

Februari 2022 alikwenda Mombasa, na Suad akamsindikiza. Aliwauliza wazee wa Kibokoni, akapata machache: kwamba Bi Kazija alitokea Makunduchi, kwamba mama yake aliitwa Mwanakheri, kwamba alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi. Makaburini msimamizi aliwaonyesha upande waliozikwa wanawake wa miaka ile. Hapakuwa na mawe wala vibao, nyasi tupu. Aliuliza ni lipi. Msimamizi akasema, "Mzee, ni mojawapo katika haya." Marehemu alikaa chini, udongoni, na suruali yake ya safari, na hakuinuka mpaka jua lilipowachoma wote.

Aliporudi Rayners Lane aliibandua ramani mwenyewe. Bi Ummukulthum akatundika Ayatul Kursi, miaka hamsini baada ya kuinunua. Uchungu haukumwisha, na kusema kwamba ulimwisha ni kumsingizia. Usiku alitembea ukumbini, na mara kwa mara alivaa viatu bila kuwa na pa kwenda.

Aliugua moyo tangu Machi mwaka huu. Alilazwa mara tatu, akahudumiwa vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale waliovumilia kumrudisha kitandani. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Ameacha mjane, Bi Ummukulthum, watoto wawili, Suad na Vuai, wajukuu watano, dada yake, Bi Eileen, ambaye yupo nasi leo na amejifunga mtandio kwa mkono wake mwenyewe, na rafiki yake Firoz, ambaye bado anangoja kuombwa radhi ya ile Ramadhani, na anasema ameshasamehe.

Limebaki jambo moja. Wiki ya mwisho marehemu alimwita Maalim Khatib kitandani, akamuuliza juu ya talakini, yale maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, ili akumbuke la kujibu atakapoulizwa kaburini. Alisikia utotoni kwamba hapo mtu haitwi kwa baba, wala kwa ukoo, wala kwa nchi. Alitaka kuhakikisha. Maalim akamwambia ni kweli, kwetu mtu huitwa kwa jina la mama yake tu, na yeye ataitwa Himid mwana wa Kazija. Mzee akaomba arudiwe tena, polepole. Maalim akarudia.

"Basi hapo," akasema, "nitaitika."

Mola amsamehe, amkutanishe na mamaake, na ampe kukaa.